Zinapanda uwanjani, zinashuka mezani

Novemba 29, 2022, Yanga waliingia Ubaruku, wilayani Mbarali, wakiwa wamecheza mechi 49 za Ligi Kuu bila kufungwa. Uwanja wa Highland Estate uko katikati ya mashamba ya mpunga, mbali na zogo la Jiji la Mbeya. Yannick Bangala akaifungia Yanga mapema, na waliokuja kushangilia bingwa wakaanza kuhesabu mechi ya 50. Kisha Mzimbabwe Never Tigere akasawazisha kwa mpira wa adhabu, na Lenny Kissu akaongeza la pili. Ihefu 2, Yanga 1. Oktoba 4, 2023, Yanga walirudi palepale na kupigwa tena kwa matokeo yaleyale.

Miezi minne haikupita, Ihefu haikuwa tena Mbarali. Januari 2024 timu ilihamia Singida, na kundi la wachezaji waliokuwa Singida Fountain Gate, akina Marouf Tchakei na Duke Abuya, wakavaa jezi yake. Singida Fountain Gate nayo ikaelekea Mwanza. Msimu huo ulipokwisha hata jina likaondoka: Ihefu, wale Mbogo Maji, wakawa Singida Black Stars, na Septemba 2025 klabu hiyo ikatwaa Kombe la Kagame. Wakulima wa Usangu, huko Mbarali, walioizoea timu hiyo tangu ikiwa madaraja ya chini wameachiwa uwanja na picha za simu.

Kwa sheria, hakuna aliyeiba kitu. Mwenye mali kauza, mwenye fedha kanunua, na Singida wamepata timu wanayoipenda. Ila kisa cha Ihefu kinafichua ugonjwa ambao Nyanda za Juu Kusini zimekuwa zikiuuguza kwa miaka mingi huku zikilaumu waamuzi, viwanja na ratiba. Timu za Mbeya na Iringa zinajua kupanda, tena zinapanda kwa jasho la uwanjani. Zinakoangukia ni mezani, wakati wa usajili, na sheria za soka la Tanzania hazizipi chochote cha kujikinga nacho.

Kila Mei na Juni lawama huelekezwa kwa mechi za mtoano. Ligi Kuu ina timu 16. Mbili za mwisho zinashuka moja kwa moja. Ya 13 na ya 14 zinakutana nyumbani na ugenini, mshindi anabaki, na aliyeshindwa anapewa nafasi moja zaidi dhidi ya timu iliyotoka Championship, ligi iliyo chini yake, kupitia mtoano wake. Wapo wanaoziita mechi hizi bahati nasibu. Hawajazitazama vizuri. Timu iliyofika hapo imeshacheza mechi 30, na baada ya hapo inaweza kupata mechi nne za kujinusuru. Mwanafunzi aliyefeli hapewi mitihani minne ya marudio.

Mkoa wa Mbeya wenyewe umeonja pande zote za mtoano. Mwaka 2020 Ihefu ilipanda Ligi Kuu kwa kuiondoa Mbao ya Mwanza, na katika wiki zilezile Mbeya City ikajiokoa mbele ya Geita Gold. Mwaka 2023 Mbeya City ikarudi kwenye mtanange uleule na safari hii ikazidiwa na Mashujaa ya Kigoma; ikaenda kukaa Championship misimu miwili. Mwaka 2025 zamu ikawa ya Tanzania Prisons, waliokutana na Fountain Gate na kubaki. Mtoano upo kila mara. Kinachobadilika ni hali ya kikosi kinachoingia kwenye mechi hizo, na hapo ndipo pa kuangalia.

Chukua Mbeya City. Klabu ilianzishwa 2011 chini ya Halmashauri ya Jiji, ikapanda Ligi Kuu 2013, na msimu wake wa kwanza ikamaliza mzunguko wa kwanza bila kupoteza mechi hata moja. Kocha alikuwa Juma Mwambusi. Wachezaji wengi walipanda naye kutoka daraja la chini, hawakuwa na majina, na walikuwa wanakimbia dakika zote 90 kwenye hewa ya Mbeya, mji ulio mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako wageni kutoka Dar es Salaam huanza kushika viuno mapema. Uwanja wa Sokoine uligeuka zambarau. Azam walipotaka kufunga hesabu za ubingwa wao wa kwanza, Aprili 2014, ilibidi waje Mbeya kuzifunga, wakashinda 2-1. Mwisho wa msimu Mbeya City ilikuwa ya tatu kwa pointi 49, na Simba ya nne kwa pointi 38. Timu changa ya halmashauri iliizidi Simba pointi 11! Ukiyasimulia hayo leo kwa kijana wa miaka 15 pale Mwanjelwa atadhani unamtania.

Kisha wakaja wanunuzi. Mwaka 2015 Deus Kaseke akaenda Yanga, Peter Mwalyanzi akaenda Simba. Kabla mwaka huo haujaisha Mwambusi mwenyewe akaitwa Yanga kuwa msaidizi wa Hans van der Pluijm. Mwaka 2017 Raphael Daud akafuata njia hiyohiyo ya Jangwani, kwa Yanga. Hakuna wa kumlaumu mchezaji anayefuata mshahara mkubwa. Maisha ya mguu ni mafupi. La kujiuliza ni kilichobaki Mbeya baada ya kila mmoja wao kuondoka. Hakikutosha kujenga kikosi kingine cha aina ile, maana miaka mitano baada ya Kaseke kuondoka timu ilikuwa inapigania roho yake mbele ya Geita Gold.

Iringa hadithi ni fupi na inauma zaidi. Lipuli, Wanapaluhengo, walirejea Ligi Kuu 2017 pamoja na Singida United na Njombe Mji. Kocha alikuwa Selemani Matola, nahodha wa zamani wa Simba, na Uwanja wa Samora ukawa mahali ambapo vigogo walishuka kwenye basi wakiwa wamevaa makoti na wasiwasi. Mei 2019 Lipuli iliitoa Yanga kwa mabao 2-0 kwenye nusu fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam. Juni 1, pale Ilulu mjini Lindi, ikapoteza fainali kwa bao moja la Obrey Chirwa wa Azam. Bao moja tu liliwatenganisha Wanairinga na tiketi ya kucheza Afrika.

Mwaka mmoja baadaye Lipuli ilishuka daraja. Adam Salamba alikuwa ameshakwenda Simba 2018, Miraji Athumani akamfuata 2019, na mwaka huohuo Matola akaondoka kwenda Polisi Tanzania. Tangu 2020 Mkoa wa Iringa hauna timu Ligi Kuu. Njombe Mji yenyewe ilikaa msimu mmoja tu.

Kupanda kisha kuporomoka si mila mpya. Tukuyu Stars ya Rungwe iliingia ligi ya juu na kuchukua ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1986, jambo ambalo hadi leo wazee wa Tukuyu hulisimulia kama vile lilitokea Jumamosi iliyopita. Timu hiyo haikudumu huko juu. Prisons nayo ilitwaa ubingwa wa Ligi ya Muungano 1999. Kwa hiyo mkoa mmoja umetoa mabingwa wawili na mshindi wa tatu, lakini ni klabu moja tu kati ya hizo iliyojua namna ya kukaa.

Kwa nini Prisons hukaa? Wapenzi wa soka mjini Mbeya watakwambia ni timu ya jeshi, basi. Jibu hilo limebeba ukweli ambao hauchunguzwi. Kwa miaka mingi mchezaji wa Wajelajela alikuwa askari magereza. Alikuwa na kazi, cheo na pensheni mbele yake, kwa hiyo ofa ya milioni chache ya mwezi Desemba haikumtikisa sana. Ndiyo maana majina kama Salum Kimenya, Benjamin Asukile na Jumanne Elfadhil yalirudi kwenye karatasi ya kikosi msimu baada ya msimu. Hata klabu ilipohamishia mechi zake za nyumbani Sumbawanga msimu wa 2020/21, ilikwenda na watu walewale, na Oktoba 2020 ikaifunga Simba bao 1-0 kwenye Uwanja wa Nelson Mandela. Soka lao halikuwahi kuwa tamu kulitazama, na mwandishi huyu hatajifanya anatamani kuliona kila wiki. Lakini beki wa kulia alijua beki wa kati atasimama wapi bila kugeuza shingo.

Kuzoeana huko kunapata uzito zaidi leo kwa sababu soka lenyewe limebadilika.

Miaka 20 iliyopita timu ya mkoani ilikuwa na mbinu inayoeleweka: kipa anapiga mbele, mshambuliaji mrefu anaruka, wengine wanakimbilia mpira wa pili. Kikosi cha namna hiyo kinaweza kukusanywa Januari na kuanza kazi Februari. Kisha Yanga chini ya Nasreddine Nabi, na baadaye Miguel Gamondi, wakazoesha macho ya Watanzania kitu kingine. Djigui Diarra, kipa kutoka Mali, anapokea mpira miguuni kama kiungo, anamsubiri adui amsogelee, halafu anaupitisha mpira kwenye pengo alilolifungua adui mwenyewe. Mabeki wanapanda, viungo wanashuka kuupokea, na mpira ukipotea wote wanaukimbilia papo hapo kabla mpinzani hajainua kichwa. Azam nao wamekuwa wakilitafuta soka hilo, Simba vilevile. Mbeya na Iringa zikitaka kushindana na hao, ama zijifunze kucheza hivyo, ama zijifunze kulivuruga. Yote mawili yanataka watu waliofanya mazoezi pamoja kwa muda mrefu, si wachezaji waliopeana mikono wiki iliyopita hotelini.

KenGold ya Chunya ililipa ada ya somo hili. Ilipanda ikiwa bingwa wa Championship msimu wa 2023/24, ikaanza Ligi Kuu vibaya, na dirisha dogo la Januari 2025 likafunguliwa. Klabu ya wilaya ya dhahabu ikafungua mfuko: Bernard Morrison akaja, Kelvin Yondani akaja, na wengine waliowahi kutamba Kariakoo, kwa Simba na Yanga. Magazeti yaliuza. Februari 5 wakaenda kucheza na Yanga kwenye Uwanja wa KMC, Mwenge, wakafungwa 6-1. Bao lao la kufutia machozi, Selemani Bwenzi alipopiga kutoka karibu na katikati ya uwanja, lilikuwa tamu kuliko yote sita ya wenyeji, na lilizunguka kwenye simu za watu hadi nje ya nchi. Klabu ilishuka daraja msimu huohuo. Majina yalikuwepo, maelewano hayakuwepo, na muda wa kuyajenga haukuwepo.

Mpira wa kikapu wa Marekani unaweza kuonekana mbali na habari hizi, lakini una Mtanzania ndani yake, na ndiye anayefungua mlango. Juni 2009 Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam mwenye urefu wa zaidi ya mita 2.2, alichaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies. Huko timu zilizofanya vibaya ndizo hupewa nafasi za mbele kuchagua vijana wapya, na hakuna kushuka daraja. Aliyechaguliwa wa tatu ni James Harden. Wa saba ni Stephen Curry. Ukiangalia leo utacheka, lakini mwaka 2009 kumtaka mtu mrefu wa kusimama chini ya kikapu kulikuwa na mantiki. Timu moja ilikuwa inarusha mitupo ya pointi tatu kama 18 kwa mechi. Msimu wa 2024/25 ilikuwa zaidi ya 37. Mchezo ulihama kutoka chini ya kikapu kwenda nje ya mstari, na watu wa aina ya Thabeet wakakosa kazi kabla hawajakomaa.

Cha kuangalia zaidi ni namna alivyohamishwa. Februari 2011 Memphis walimpeleka Houston Rockets, pamoja na haki ya kuchagua kijana siku za mbele, wakamrudisha Shane Battier, mchezaji mzoefu, mlinzi hodari aliyewahi kuichezea timu hiyohiyo. Wiki chache baadaye Memphis, waliofuzu mtoano wakiwa wa nane kwenye kanda yao, wakawaondoa San Antonio Spurs waliokuwa wa kwanza, na Battier ndiye aliyepiga mtupo wa pointi tatu ulioamua mechi ya kwanza. Walirekebisha sehemu moja iliyovuja na kuacha kikosi kingine kama kilivyo. KenGold walijaribu kubadilisha nyumba nzima katikati ya mvua. Na kila mara Thabeet alipohama kwa makubaliano ya klabu, kutoka Memphis, na baadaye kutoka Houston kwenda Portland, klabu aliyoiacha ilipata kitu mkononi.

Thabeet alikuja kucheza Oklahoma City Thunder, timu ambayo hadi 2008 ilikuwa Seattle SuperSonics. Wamiliki waliichukua kutoka Seattle, mji uliokuwa nayo kwa miaka 41, kwa namna ambayo Mbarali wataitambua mara moja. Tofauti iko kwenye hati. Jiji la Seattle lilikwenda mahakamani kudai mkataba wa uwanja uliokuwa haujaisha, na suluhu ikafikiwa: wamiliki walipe dola milioni 45, na jina la SuperSonics pamoja na rangi zake zibaki Seattle zikisubiri timu nyingine. Kilio hakikuisha, lakini Seattle hawakuondoka mikono mitupu.

Mbarali ilibaki na nini? Hapo ndipo Shirikisho la Soka Tanzania (TFF) na Bodi ya Ligi wanapotakiwa kuingia. Klabu ya Ligi Kuu ikiuzwa na kuhamishwa mkoa, uhamisho usifanyike katikati ya msimu, na mnunuzi alipe ada itakayokwenda kwenye soka la vijana la wilaya anayoiacha. Jina la zamani libaki huko, ili siku wenyeji wakiunda timu nyingine daraja la nne waanze nalo. Wapo watakaosema masharti hayo yatawafukuza wawekezaji. Mwekezaji anayeshindwa kulipia viwanja viwili vya watoto Rujewa, Mbarali, kabla ya kuchukua nafasi ya Ligi Kuu iliyotafutwa na watu wengine, akiondoka hataacha pengo kubwa.

La pili ni fedha za malezi. FIFA ina utaratibu wa asilimia 5 ya ada ya uhamisho wa kimataifa kugawanywa kwa klabu zilizomlea mchezaji kati ya umri wa miaka 12 na 23, na kanuni zake zinavitaka vyama vya nchi viwe na mfumo wao wa kuzituza klabu zinazolea kwa uhamisho wa ndani. Ukiwa na mfumo unaofanya kazi kweli, kijana akiondoka Samora kwenda Msimbazi kwa Simba, kisha Msimbazi wakamuuza Kuwait au Morocco, Iringa inasikia kengele ya benki, si tetesi za redioni. Salamba alifika Kuwait. Njia ipo.

Soko lenyewe limekwisha kubadilika, kwa hiyo muda hausubiri. Mwaka 2015 Yanga na Simba walikuja Sokoine kununua. Sasa kanuni zinawaruhusu wageni 12, na Yanga walikwenda Kinshasa kumchukua Fiston Mayele, wakaenda Abidjan kumchukua Stephane Aziz Ki. Klabu za mikoani ndizo zimegeuka wanunuzi wa mwisho wa foleni: zinapokea kwa mkopo vijana waliokosa namba Kariakoo, zinawanoa miezi sita, na wakishanoleka mwenyewe anawaita. Mchezaji wa mkopo hufunga mabao, lakini hauzwi na aliyemkopa. Timu yenye watano au sita wa namna hiyo imejenga juu ya kiwanja cha kupanga.

Lakini si kila kitu ni cha TFF. Halmashauri ya Jiji la Mbeya inamiliki timu iliyorudi Ligi Kuu 2025 baada ya kushika nafasi ya pili Championship nyuma ya Mtibwa Sugar, na kuna jambo ambalo haihitaji ruhusa ya mtu kulifanya: kuwapa vijana wake mikataba ya miaka mitatu badala ya mmoja, yenye kifungu cha asilimia wakiuzwa tena. Mkataba wa mwaka mmoja unaonekana nafuu Julai. Ikifika Januari mchezaji amebakiza miezi sita, sheria inamruhusu kuzungumza na klabu nyingine, na Juni anaondoka bure. Kaseke wa leo yupo mahali fulani kati ya Soweto na Uyole jijini Mbeya, anacheza mpira wa vumbi saa 11 jioni, na siku atakaposaini karatasi yake ya kwanza mtu wa halmashauri atakuwa mezani na kalamu. Idadi ya miaka atakayoandika hapo inapaswa kuwa ajenda ya kikao cha madiwani, pamoja na barabara na masoko, kabla dirisha lijalo halijafunguliwa.